Wiki ya mbalamwezi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii naandika moyo ukiwa mzito, naomba mnivumilie.

Tunaoishi huku Kigoma tunajua, mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazina kazi, dagaa hawafuati taa maana ziwa zima linawaka, basi mitumbwi inalala mchangani pale Kibirizi na sisi wachuuzi tunabaki na mabeseni matupu. Jumanne asubuhi binti yangu ananiambia mama, daftari la hesabu limeisha. Nikafungua fundo la khanga nikakuta mia tatu. Nikamtuma dukani akakope, akarudi mikono mitupu, kaambiwa mama yako amalize kwanza deni la sukari. Hakulia. Alikaa kizingitini akaanza kufanya hesabu zake kwenye jalada la nyuma, namba ndogondogo ili zienee.

Usiku nikapiga magoti nikasema Bwana, mbona umeniacha. Na hapohapo nikakumbushwa, maana wiki 2 tu zilizopita, kwenye giza, yaani siku ambazo mwezi hauonekani usiku, mchana jua lilikuwa kali dagaa wakakauka vizuri nikauza wote, nikashika laki na themanini mkononi. Ilienda wapi? Nikatafuta kalamu nikaandika. Sare ya harusi 45,000. Rejesho la mkopo 65,000, na huu mkopo ni ile kausha damu, nilichukua laki narudisha laki na thelathini, nilichukua kwa sababu ya sare ya harusi nyingine. Chakula 32,000. Imebaki 38,000 na hadi leo naandika sijui niliipeleka wapi.

Sikuachwa wapendwa. Nilipewa nikameza, kama Mithali 21:20 inavyosema mpumbavu humeza.

Sasa mnisikilize kina mama wenzangu, nasema kwa upendo. Tunapenda sana kusema Mungu atatoa. Ndiyo anatoa, lakini mara nyingi alishatoa kwenye giza na sisi tukala yote, halafu mwezi ukitoka tunamlilia kama vile hatukupewa kitu. Mwangalieni Yusufu, Mwanzo 41. Alitenga sehemu ya tano wakati maghala yanajaa, hakungoja watu waanze kulia njaa. Na Farao ilibidi aoteshwe ndoto, tena ndoto ikatafuta mtu wa kuitafsiri! Sisi njaa yetu haihitaji ndoto jamani, iko angani, kila mwezi tunaiona inanenepa usiku kwa usiku na bado inatukuta hatuna kitu. Hata 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3, Mei 15 hadi Agosti 15, tulitangaziwa mapema, na mimi siku ya kwanza ya kufungwa nilikuwa natafuta wa kunikopesha.

Habari ya fungu la kumi na ya kina baba wanaomalizia hela ya usiku palepale mwaloni, hiyo tutaongea siku nyingine.

Sehemu ya tano ni elfu 2 kwenye kila elfu 10. Itoe hapohapo ulipouzia, kabla hujapanda bodaboda, maana ikifika nyumbani imeshapata wenyewe. Na usijiamini. Sanduku la kikundi chetu cha hisa lina kufuli 3 na funguo wanashika watu 3 tofauti, zamani nilikuwa naona ni kudharauliana, wiki hii nimeelewa ni kuhurumiana. Peke yangu ningelifungua Jumanne ileile, na Jumatano ningelifungua tena.

Na anayekualika harusi mwambie ukweli, nitakuja na gauni langu la Jumapili. Mimi nimeshamwambia mmoja jana. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema hata yeye sare yake kaikopea.

Mwezi umeanza kuchelewa kutoka, Jumatatu mitumbwi inaingia ziwani. Niombeeni hiyo elfu 2 ya kwanza. Daftari nilinunua Alhamisi, lakini lile jalada sijalitupa, liko ndani ya Biblia yangu.