Siku Niliyocheza Spacewar!

Nilikuwa nimesoma habari za Spacewar!, mchezo wa kompyuta wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana, miaka mingi kabla ya kuicheza. Nilijua iliandikwa mwaka 1962 na Steve Russell na wenzake pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, kwa ajili ya kompyuta ya PDP-1. Nilijua pia kwamba mashine moja ya aina hiyo ilifufuliwa na watu wa kujitolea katika Computer History Museum, jumba la makumbusho ya kompyuta, mjini Mountain View, California. Lakini alasiri ile walipoiwasha mbele yetu, niliona kuwa bado sikuwa nimeielewa.

PDP-1 ni makabati ya chuma yenye kimo cha mtu, na kando yake kuna skrini ya duara. Mzee aliyetuongoza alipachika utepe wa karatasi uliotobolewa, uliobeba programu ya mchezo, ukapita kwa kasi na kelele nyingi, kisha kioo kikajaa nyota.

Nyota hizo ndizo zilizonishika kwanza. Hazikumwagwa ovyo. Mwanzoni zilikuwa nukta za kubahatisha tu, jambo lililomkera Peter Samson, mmoja wa wenzake Russell, naye akaandika programu ya kuonyesha anga halisi, ule ukanda ulio pande mbili za ikweta ya mbingu, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, zile angavu ziking'aa kuliko zile hafifu. Nilitambua mkanda wa Orioni, zile nyota tatu zilizojipanga mstari, ukisogea taratibu. Kompyuta ile ilianza na kumbukumbu yenye nafasi ya “maneno” 4,096 tu, yaani vipande vidogo vya data, na bado mtu aliona inafaa sehemu ya nafasi hiyo itumike ili mbingu iwe ya kweli! Nauheshimu sana uamuzi huo.

Tukapanga foleni. Mpinzani wangu alikuwa binti wa miaka kama kumi hivi, ambaye sikuwahi kumwona kabla. Kila mmoja alishika kisanduku chake cha kuongozea. Vya kwanza vilitengenezwa na Alan Kotok na Bob Saunders, kwa sababu kucheza kwa swichi za mashine yenyewe kulichosha viwiko.

Niligeuza swichi, na chombo changu kikageuka papo hapo.

Basi, ni hilo tu. Lakini enzi zile mtu wa kawaida alipotaka kompyuta imfanyie kazi, alikabidhi kadi zake zilizotobolewa kwa wahudumu, akaenda zake, akarudi baada ya saa kadhaa kuchukua majibu. Hapa mkono unaamuru na kioo kinajibu kabla hujapumua. Watu husifu michezo ya leo kwa uzuri wa picha. Mimi naona moyo wa sanaa hii ni lile jibu la papo hapo, na lilikuwamo tayari katika nukta zile zilizoacha mkia wa mwanga wa kijani kila chombo kilipopita.

Katikati ya kioo kuna nyota kubwa inayovuta vyombo vyote viwili. Mimi nilihangaika kuikimbia, nikimaliza mafuta. Binti yule alizima injini, akajiachia aanguke kuielekea, akazunguka nyuma yake kwa kasi aliyopewa bure na mvuto, akanitokea ubavuni na kunilipua. Hakuna aliyemfundisha. Aliusoma mvuto kwa kuuchezea, na nilifurahi kushindwa namna ile.

Nikamuuliza mzee kwa nini makombora yanakwenda moja kwa moja, wakati vyombo vinavutwa.

"Mashine isingeweza," akasema. "Kupiga hesabu ya mvuto kwa kila kombora kungeifanya ichelewe. Wakaamua kwamba makombora haya hayavutwi na kitu."

Jibu hilo limebaki nami kuliko mengi niliyosikia siku ile. Walikuwa na nguvu ndogo ya hesabu, wakachagua pa kuitumia: vyombo vipate uzito, anga ipate ukweli, makombora yasamehewe. Mwaka 1971, wahandisi Nolan Bushnell na Ted Dabney walipoupeleka mchezo wa namna hii kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, wakauita Computer Space, ile nyota yenye mvuto haikuwamo. Naelewa ugumu uliowakabili, lakini kwangu mimi pengo hilo ni kubwa.

Binti alikuwa bado ameshika kisanduku chake, akinitazama.

"Kama unataka kulipa kisasi, rudi nyuma ya foleni," mzee akaniambia.

Nikarudi.