Jinsi nilivyozipa majina alama za lugha yangu ya programu

Mwaka juzi nilianza kuunda lugha ndogo ya programu ya kuwafundishia wanafunzi wa sekondari hapa Tanga. Maneno yake hayakunisumbua sana: kama, rudia, andika. Kilichonikwamisha ni alama mbili: :=, inayokipa kitu thamani, na |>, inayopeleka matokeo ya hatua moja kwenye hatua inayofuata. Kuzichapa ni rahisi, lakini darasani lazima uzitamke. Utazitamkaje?

Mwanzoni niliamini jina litoke kwenye umbo. Lugha ya programu ya Python ilipopokea := katika toleo la 3.8, mwaka 2019, watu waliiita kwa jina la walrus, mnyama wa bahari za barafu mwenye meno mawili marefu. Ukiinamisha kichwa pembeni unayaona macho na meno yake. Katika Groovy, lugha nyingine ya programu, ?: imepewa jina la Elvis Presley kwa sababu ya nywele zake. Mimi |> nikaiita bomba, kwa kuwa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ilikuwa na mabomba yake ya kupeleka matokeo ya programu moja kwenye nyingine tangu 1973.

Nikabuni jaribio. Mwanafunzi mmoja asome programu kwa sauti, mwenzake ampe mgongo na kuiandika kwenye kompyuta. "Bei bomba punguza hamsini bomba andika." Mwandishi alisimama pale pale. Kwao bomba ni lile la uani linalotoa maji, au ni sifa ya kitu kizuri. Zamu iliyofuata, binti mmoja alisoma mstari uleule bila hata kufikiri: "Bei, kisha punguza hamsini, kisha andika." Mwenzake aliandika bila kusita. Siku hiyohiyo |> ikawa kisha.

Kazi kubwa ilikuwa :=. Nilianza na iwe. "Bei iwe 500" ilinipendeza mno. Ilipofika "jina iwe", darasa zima likaguna. Ni jina liwe, kiasi kiwe, maembe yawe! Nilipoteza majuma mawili nikijaribu kuifundisha mashine ngeli za nomino, hadi nilipokumbuka kwamba mtu anaweza kuita kitu chake x tu, na x haina ngeli. Nikahamia kwenye ni, neno lisilodai upatanisho wowote. Bei ni, jina ni, maembe ni. Nilifurahi kweli.

Furaha ilikatika tulipofika jumla := jumla + 5. Kijana wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo si kweli. Jumla haiwezi kuwa jumla na tano." Alikuwa sahihi kabisa. Tangu mwanahisabati Robert Recorde aandike = mwaka 1557, alama ile husema pande mbili zinalingana, na ndiyo maana waliotunga ALGOL, lugha ya programu ya zamani, waliiachia = kazi ya kulinganisha, wakatumia := kuweka thamani. Jina langu lilikuwa limezichanganya tena kazi hizo mbili.

Nilichoongeza ni neno moja: sasa. "Jumla sasa ni jumla na tano." Wakati ukaingia katika sentensi, na kijana yule akatikisa kichwa kukubali. Ngeli pia hazihitajiki. Hadi leo ndivyo tunavyoisoma, na ==, alama yetu ya kulinganisha, tunaisoma "sawa na".

Imebaki ->. Kwa sasa tunaiita mshale, na katika kila jaribio anayeandika anageuka kuuliza: unaelekea wapi?