Kubadili anwani ya IP kwa faili moja: uzoefu wangu Lubumbashi

Kampuni ninayoihudumia hapa Lubumbashi ina biro katikati ya mji na depo kule Katuba. Mhasibu anabeba laptop ileile, asubuhi mjini, mchana depo, na kote anachomeka kebo. Biro kila mashine ina anwani yake ya IP ya kudumu, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Depo kuna ruta ndogo inayogawa anwani yenyewe. Kwa hiyo karibu kila mchana simu ilikuwa inalia: "Yaya, intaneti imekata tena." Naanza kumwelekeza dirisha baada ya dirisha. Kumsomea mtu 255.255.255.0 kwenye simu huku jenereta inanguruma karibu yake, kunawachosha wote wawili.

Windows ina amri ya netsh tangu Windows 2000, nayo hufanya yote hayo bila kufungua dirisha la mipangilio. Nikafungua Notepad, nikaandika biro.bat, faili la amri linaloendeshwa kwa kubofya:

netsh interface ip set address name="Connexion au réseau local" static 192.168.10.25 255.255.255.0 192.168.10.1

Anwani ya mashine, ukubwa wa mtandao, kisha ruta.

Amri hiyo ukiiandika kwa mkono inakubali. Ndani ya faili inakataa, eti kadi hiyo ya mtandao haipo. Nikasoma skrini herufi kwa herufi: palikuwa pameandikwa "rÚseau". Laptop ina Windows 7 ya Kifaransa. Notepad imeihifadhi é kwa jedwali la herufi 1252, lakini dirisha la amri linasoma kwa jedwali 850, na humo namba ileile ni Ú. Netsh ilikuwa inatafuta jina ambalo kweli halipo.

Unaweza kuanza faili kwa mstari wa chcp 1252, unaobadili jedwali la dirisha la amri, mambo yakaenda. Mimi naona ni heri kuibadilisha jina kadi yenyewe, mara moja tu, kwa mkono:

netsh interface set interface name="Connexion au réseau local" newname="kebo"

Jina fupi, halina alama juu ya herufi, na faili ileile inafaa mashine zote ukizipa jina hilo. Ndugu mnaotumia Windows ya Kifaransa, anzeni hapo.

Baada ya hapo depo.bat ikawa mistari miwili (dhcp maana yake ni kupokea mipangilio kutoka kwa ruta):

netsh interface ip set address name="kebo" source=dhcp
netsh interface ip set dns name="kebo" source=dhcp

Msiuache ule wa pili. Biro.bat, kwa mstari mwingine ambao sikuuonyesha hapo juu, inaweka pia DNS ya ndani (seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), 192.168.10.2, na ukirudisha anwani peke yake DNS hiyo inabaki. Matokeo yake ping 8.8.8.8, yaani kuijaribu seva ya Google kwa namba yake, inajibu vizuri, lakini hakuna ukurasa unaofunguka, na mtu anailaumu ruta bure.

Netsh haibadilishi kitu bila haki za msimamizi. Nilitengeneza njia ya mkato ya kila faili, nikaingia Propriétés, Avancé, nikaweka alama kwenye "Exécuter en tant qu'administrateur". Mhasibu anabofya mara mbili, anakubali Oui, basi.

Kabla ya kugusa mashine nyingine yoyote, sasa naanza na netsh interface ip dump > zamani.txt. Inaandika mipangilio ya anwani ilivyo, na netsh -f zamani.txt inairudisha.