Siku niliyonunua baiskeli ya uwanjani

2014 nilikuwa nakaa Peckham, kusini mwa London, na nikipata Jumamosi ya bure naenda zangu Herne Hill, kuna uwanja wa mbio za baiskeli pale, wa zamani sana, umejengwa 1891, na Olimpiki ya 1948 mbio za baiskeli za uwanjani zilifanyika palepale, mwendesha baiskeli Mwingereza Reg Harris akaondoka na medali mbili za fedha. Ukiwa mgeni wanakukodishia baiskeli na kukufundisha. Mzunguko mmoja kama mita 450, na baiskeli zenyewe hazina breki, hazina giya, hazina friwili, yaani sproketi ya nyuma, kile kigurudumu cha meno kinachoshika mnyororo, imefungwa moja kwa moja kwenye habu, kitovu cha tairi, tairi likizunguka pedeli nazo zinazunguka, huwezi kuacha kukanyaga ukasema utulie kidogo kama tulivyozoea kwenye Phoenix za nyumbani Tanga. Ukijisahau pedeli inakunyanyua kwenye siti. Mimi nilizipenda kuanzia siku ya kwanza, kuna namna miguu inaongea na barabara ambayo baiskeli nyingine haina.

Sasa za kukodi zinachosha, leo unapewa ndefu kesho fupi, nikaanza kutafuta ya kwangu. Mtandaoni zilikuwa nyingi kwa sababu miaka ile vijana wa London walikuwa wamezipenda mno fiksi, ndivyo wanavyoziita hizi zisizo na friwili, lakini ukisoma vizuri unakuta nyingi ni baiskeli za barabarani zilizotolewa giya, zikapigwa rangi ya pinki na rimu za kijani, haya. Nilikuwa nataka ya uwanjani kabisa, fremu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ile ambayo kule nyuma tairi unalichomoa kwa kulivuta nyuma, na mhimili wa pedeli umekaa juu kidogo ili ukilala kwenye kona pedeli isikwaruze chini.

Jamaa yangu mmoja wa Mombasa akaniambia twende Brick Lane Jumapili, sokoni. Tukaenda. Kweli baiskeli zipo, jamaa wamesimama nazo tu pembeni ya njia, mmoja akatutajia pauni 90 kwa fiksi nyeusi. Nikaigeuza juu chini. Kwanza namba ya fremu pale chini imesuguliwa na tupa, haisomeki. Pili, habu ilikuwa ya kawaida ya friwili, mtu kaikaza sproketi juu yake bila nati ya kuizuia, na hii naomba nielezee kwa sababu watu wanaumia. Habu ya uwanjani halisi ina nyuzi za kukazia, kama za skrubu, za aina mbili, sproketi inakazwa kulia, halafu juu yake inakuja nati nyembamba inayokazwa kinyume, kushoto, ili ukikanyaga kinyume kupunguza mwendo sproketi isifunguke. Bila ile nati uko kwenye mteremko unajizuia kwa miguu, sproketi inafunguka, na huna breki nyingine. Jamaa yangu akanivuta pembeni, "Ndugu yangu, pauni tisini wazitaka wapi tena? Habu si tutabadilisha?" Nikamwambia kaka, habu tutabadilisha, ile namba je? Kuna mtu mahali anaitafuta baiskeli yake. Akanyamaza, tukaondoka, na kusema kweli ndo aliyekuwa wa kwanza kusema twende.

Wiki kadhaa baadaye nikaona tangazo la mzee mmoja Croydon, picha moja tu, tena ya giza, ameandika Holdsworth ya uwanjani, saizi 56, pauni 350. Holdsworth walikuwa na duka lao Putney, jina kubwa kwa baiskeli za Waingereza. Nikampigia jioni ileile.

Ilikuwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba, imening'inia kwenye msumari. Bluu iliyopauka, stika ya Reynolds 531 bado inasomeka, zile bomba za chuma za Birmingham zilizoanza kuuzwa 1935, nyepesi na hazichoki haraka. Mzee hakuwa na maneno mengi, alisema aliiendesha Herne Hill miaka ya sabini, nyonga sasa hazimruhusu. Nikaanza kuikagua na yeye anashika taa. Nilipitisha kidole chini ya bomba linaloshuka, pale karibu na kichwa cha fremu, maana baiskeli iliyogonga kwa mbele huwa inavimba pale au rangi inapasuka, nikakuta laini. Nikajaribu nguzo ya siti, nzuri, inacheza, kwa sababu aluminiamu ikikaa miaka ndani ya chuma bila grisi inagoma na unaweza kupoteza fremu nzima. Sehemu ya nyuma unapoingia mhimili wa tairi nikapima kwa rula, milimita 120, ya uwanjani kweli. Kufika kwenye habu mzee mwenyewe akaniwahi, "Angalia hizo nyuzi za kushoto, aliyeiazima aliziharibu." Na kweli zilikuwa zimelika. Hakuwa na sababu ya kuniambia, ningeweza kufika nyumbani ndo nijue.

Hapo jamaa yangu ndo akaanza kazi. Watu wa kule hawapatani bei sana, lakini yeye kwa heshima zote, "Mzee wetu, habu hii ni kununua nyingine, tusaidie." Mzee akawaza, akaenda kwenye boksi akarudi na tairi jingine la nyuma, habu nzima, sproketi mbili za ziada, meno 14 na 16, na spana ya ile nati. Akasema 300 na vyote hivi. Nikamhesabia.

Kuiendesha kurudi isingewezekana. Foko ya mbele, ile inayoshika tairi, haina tundu la breki, na sheria ya Uingereza ya 1983 inataka breki mbili, sproketi iliyofungwa inahesabiwa kama moja lakini ya mbele lazima iwepo. Tukapanda nayo treni, nimeishikilia mlangoni safari nzima.

Jumamosi mkufunzi aliikagua, akatikisa usukani, akakaza bolti za nyuma kwa mkono wake, akauliza giya gani. Nikamjibu 48 kwa 15, meno 48 mbele na 15 nyuma, yaani ukikanyaga mzunguko mmoja unakwenda kama mita 6.7. Akasema inakufaa, ingia. Mizunguko ya mwanzo nilikaa chini kwenye mstari mweusi nikiizoea, halafu wenzangu walipopanda juu kwenye ukingo nikapanda nao, na fremu ilikuwa imetulia chini yangu, haiyumbi, tofauti kabisa na zile za kukodi. Jamaa yangu alikuwa amesimama nje ya uzio. Tulipotoka akaniambia na yeye anataka, ila ni mrefu, inabidi iwe saizi 60, na hizo kwa baiskeli za uwanjani ni adimu mno. Jumapili yake tukaanza kutafuta.