Nyota kwenye daftari la kikoba

Mwaka 2012 nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, nasoma falsafa, na mama alikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama mtaani kwetu Mbagala. Jioni moja akanipa daftari nimsaidie hesabu. Ukurasa wa marejesho ulisema muuza vitumbua amelipa. Ukurasa wa mikopo, tarehe ileile, ulisema hajalipa.

Wiki hiyo tulikuwa tumefundishwa kwamba katika mantiki iliyozoeleka, ukinzani mmoja unatosha kuthibitisha lolote. Nikamwonyesha.

"Tazama mama. Amelipa. Basi ni kweli kwamba amelipa au wanakikoba wote wamemaliza madeni, maana 'au' inatosheka upande mmoja ukiwa kweli. Lakini hajalipa. Upande wa kwanza umeanguka, unabaki wa pili: wote wamemaliza madeni."

Mama akaweka kalamu chini, akanirudisha hatua kwa hatua hadi kwenye ile 'au'.

"Hapo nimekuelewa. Lakini mwanangu, hiyo 'amelipa' si bado imeandikwa? Umeifuta saa ngapi hata useme imeanguka?"

Nikakosa jibu. Nilikuwa nimeichukulia 'si' kama kifutio: ukiandika 'hajalipa', 'amelipa' inatoweka. Katika daftari lake hakikutoweka kitu. 'Au' yangu ilikuwa imeshatimizwa na upande wa kwanza, hainidai wala hainipi ule wa pili.

Miezi kadhaa baadaye, maktaba, nikakutana na maandishi ya Nuel Belnap, mwanamantiki wa Marekani, aliyeandika mwaka 1977 kuhusu kompyuta inayopokea taarifa kutoka vyanzo vinavyogongana. Kila kauli aliipa moja ya hali nne: kompyuta imeambiwa ni kweli, imeambiwa si kweli, imeambiwa yote mawili, au haijaambiwa chochote. Humo 'na' na 'au' zinaendelea na kazi zao, ila hatua ileile aliyoikataa mama haipiti. Kabla yake, mwaka 1963, Newton da Costa wa Brazil alishajenga kwa njia nyingine mantiki zinazostahimili ukinzani. Nilisoma nimesimama katikati ya makabati, nikasahau kukaa.

Jioni ile mama alichora nyota ndogo kando ya jina la muuza vitumbua, kurasa zote mbili, bila kufuta neno. Kisha akaendelea na wale 22 waliobaki. Hesabu zao zilikaa sawa kabla ya adhana ya isha.