Kumbukumbu ya mradi wa flopi: ng' imekubali

Imekubali! Usiku wa kuamkia leo, saa nane kasoro, hapa Magomeni, Mtwara, nimefungua ukurasa wa reli.htm na sentensi ya kwanza ikasomeka kama baba mdogo alivyoiandika: "Reli iling'olewa, wazee wakabaki na hadithi yake." Hakuna kisanduku, hakuna alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi, hakuna ule uchafu wa â€™. Wiki tatu nimepigana na ritifaa moja, ile alama ya ' kwenye ng'. Naandika sasa hivi kabla sijasahau njia niliyopita.

Kwa waliokosa kumbukumbu za nyuma: flopi ni 23, za inchi 3.5, za baba mdogo wangu aliyekuwa na kafe ya intaneti karibu na stendi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ilikuwa enzi ya dishi la setilaiti, kabla kebo ya intaneti ya chini ya bahari, SEACOM, haijafika Dar es Salaam mwaka 2009. Wateja wakipungua jioni alikaa akiandika kurasa za HTML kuhusu kusini: Mikindani, reli ya Nachingwea, bei za korosho, misamiati ya Kimakonde. Hazikuwahi kupanda hewani. Alipofunga kafe akahamia Nachingwea kulima, na flopi zikabaki kwetu ndani ya kopo la biskuti. Moja imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: USIFUTE. NG BADO. Nilidhani NG ni kifupi cha jina la mteja.

Kuzisoma hakukunipa shida niliyoitegemea. Flopi nzima ni nyuzi (duara za kuandikia) 80, pande 2, sekta 18 kwa kila uzi, baiti 512 kwa kila sekta, jumla baiti 1,474,560. Ishirini zimetoa kila baiti. Mbili zina sekta mbovu na moja haisomeki kabisa, ukungu umetanda juu ya sumaku kama vumbi la unga. Hewa ya bahari hapa haihurumii kitu, hata vifuniko vya bati vilikuwa na kutu kwenye kingo. Nilivifungua, nikapitisha pamba yenye spiriti nikizungusha kisahani kwa kidole, nikaacha zikauke usiku kucha. Kama unafanya kazi hii, achana na kisomaji cha USB mapema. Changu kilikata tamaa kwenye sekta ambazo kisomaji cha kizamani, kile cha waya mpana wa utepe, kilizipata kwa kurudiarudia. Tumia GNU ddrescue, programu ya kuokoa data, na uiwekee faili la ramani, maana umeme ukikatika katikati unaendelea ulipoishia. Mimi ulikatika mara nne kwenye flopi moja.

Sasa twende kwenye ng'.

Kurasa zote zimetangaza kichwani kwamba zimeandikwa kwa ISO-8859-1, mmoja wa mifumo ya usimbaji, yaani ya kuipa kila herufi baiti zake. Nikaamini. Nikazipitisha kwenye iconv, programu ya kubadili usimbaji, kutoka ISO-8859-1 kwenda UTF-8, usimbaji wa kisasa, nikafungua, na ritifaa zote za habari (maandishi yaliyo chini ya menyu) zimetoweka. Ng'ombe imekuwa ngombe. Iling'olewa imekuwa ilingolewa. Hili halikuwa jambo dogo kwangu. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake; ngoa ni ile ya kulia ngoa, tamaa na wivu. Msomaji wa Kiswahili akikuta ukurasa mzima umeandikwa hivyo anaona mwandishi hajui lugha yake, na baba mdogo anaijua.

Chanzo chake ni cha zamani. ASCII, usimbaji wa mwaka 1963, ina biti 7, nafasi 128 tu, na ritifaa iliyonyooka imekaa namba 39. Hiyo haijawahi kumsumbua mtu. ISO 8859-1 ya mwaka 1987 iliongeza herufi za Ulaya Magharibi, lakini nafasi 32 kuanzia 80 hadi 9F kwa hesabu ya msingi wa 16 ikaziacha kwa amri za mitambo, vitu visivyoonekana. Microsoft wakazijaza nafasi 27 kati ya hizo wakatengeneza Windows-1252, na kwenye 92 wakaweka ritifaa iliyopinda. Halafu Word inachukua ritifaa yako iliyonyooka na kuipinda yenyewe unapoandika. Kwa hiyo aliyeandika ng'ombe ndani ya Word, akanakili, akabandika Notepad ya Windows 98, amehifadhi baiti 92 bila kujua. Anayeisoma kwa sheria ya ISO anapata amri isiyoonekana. Vivinjari viliona kosa hili limeenea mno, vikaamua kwamba ukurasa ukisema ISO-8859-1 wao wanausoma kama Windows-1252, na leo hiyo ndiyo sheria rasmi ya HTML. iconv haina huruma hiyo. Inafanya ulichoiambia.

Sawa, nikabadilisha kuwa Windows-1252. Habari zote zikanyooka, nikashangilia, kisha nikatazama juu ya ukurasa. Kwenye menyu, kiungo cha kurasa za Msumbiji, badala ya "Ng'ambo ya Ruvuma", kinasomeka "Ngâ€™ambo ya Ruvuma". Na mwanzo kabisa, kabla ya herufi yoyote, alama tatu: ï»¿.

Nikageuza, nikasoma kwa UTF-8. Menyu ikapona, habari ikajaa almasi nyeusi. Nikitibu juu chini kunaumwa, nikitibu chini juu kunaumwa. Nilifanya hivyo siku tisa, faili baada ya faili, nikiandika skripti za kukisia usimbaji wa kila faili. Kila programu ya kukisia niliyoijaribu ilinipa jibu moja kwa faili zima, kwa kujiamini kabisa, na jibu lilikuwa baya. Kwa maoni yangu zana hizo zinafaa tu pale ambapo faili lina ukweli mmoja. Haya yalikuwa na ukweli mara mbili.

Kilichonifungua macho ni xxd. Hiyo ndiyo zana ninayoipenda kuliko zote, haikisii chochote, inakuonyesha baiti zilivyolala. Mwanzo wa reli.htm: EF BB BF, muhuri ambao Notepad ya Windows 2000 na XP inaubandika kwenye faili la UTF-8. Ndani ya menyu: 4E 67 E2 80 99, yaani N, g, kisha ritifaa iliyopinda kwa baiti tatu za UTF-8. Kushuka chini kwenye habari: 6E 67 92, yaani n, g, kisha baiti moja pekee ya Windows-1252. Faili moja, mifumo miwili. Na mwisho kabisa wa faili, baiti moja isiyo na kazi: 1A.

Hiyo 1A ndiyo iliyonipa jibu. Ni Ctrl-Z, alama ya mwisho wa maandishi iliyotoka kwenye mfumo endeshi wa CP/M wa Gary Kildall miaka ya 1970, ambao ulihesabu urefu wa faili kwa vipande vya baiti 128 na hivyo ulihitaji alama ya kuonyesha maandishi yanaishia wapi hasa. DOS ikairithi. Amri ya copy ikiunganisha faili mbili kwa alama ya kujumlisha, bila kuambiwa kuwa ni baiti tupu, inabandika 1A mwishoni. Nikatafuta kwenye flopi namba 6, nikalikuta faili dogo linaloitwa unga.bat. Mstari mmoja ndani yake unajumlisha menyu na habari kuwa ukurasa. Baba mdogo alitaka kubadilisha menyu mahali pamoja na kurasa zote zibadilike, bila seva ya kisasa, bila hifadhidata, kwa amri ya DOS. Menyu aliiandika kwenye mashine mpya ya XP, habari kwenye zile kuukuu za Windows 98. Akaziunga.

Baada ya hapo dawa ilikuwa mistari miwili ya Python:

codecs.register_error("nusu", lambda e: (e.object[e.start:e.end].decode("cp1252"), e.end))
maandishi = baiti.decode("utf-8", errors="nusu")

Maana yake: soma kama UTF-8, ukikwama kwenye baiti isiyowezekana, hiyo tu isome kama Windows-1252, kisha endelea. Mafaili 48 kati ya 61 yalikuwa ya kuungwa hivi, na yote 48 yamenyooka kwa mpigo mmoja.

Naomba nikae kidogo hapa, maana nimeishika UTF-8 kwa miaka bila kuielewa. Ken Thompson, yule yule wa Unix, aliibuni akiwa na Rob Pike kwenye mgahawa huko New Jersey, Septemba 1992, wakichora kwenye karatasi ya kuwekea sahani. Walichokifanya ni kwamba baiti ya kwanza ya herufi inatangaza herufi ina baiti ngapi, na zinazofuata zote zinaanguka kati ya 80 na BF, na hakuna herufi inayoruhusiwa kuanza na hizo. Kwa hiyo 92 ikisimama peke yake baada ya g, haiwezi kuwa UTF-8, hata ufanyeje. Inajitenga yenyewe kama jiwe kwenye mchele. Mfumo ungekuwa mlegevu kidogo, kurasa hizi zisingetenganishika. Nilipolielewa hilo nilisimama, nikatoka nje ukumbini, nikakaa kwenye baraza dakika kadhaa gizani.

Kuna jambo jingine linanikera na nitalisema. Ritifaa ya ng' si alama ya kufungia maneno ya mtu. Ni sehemu ya herufi, ng' ni sauti moja. Unicode, orodha ya herufi za lugha zote, inayo ritifaa ambayo ni herufi kamili, U+02BC, lakini kibodi hazitupi, na simu zinaendelea kupinda ile ya kawaida. Nimeamua kurasa za baba mdogo zibaki na iliyopinda alivyozihifadhi, ila chochote kipya nitakachoandika kitatumia ile iliyonyooka, namba 39.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kupanga sura ya kurasa kwa CSS. Sijagusa. Nilipoona jinsi alivyojenga kwa unga.bat nilitaka kuzitoa kurasa kwa njia ya kwanza kabisa, HTTP (kanuni za kivinjari kuomba ukurasa kwa seva) ya mwaka 1991 ambayo baadaye iliitwa 0.9, ya Tim Berners-Lee pale kituo cha utafiti cha CERN. Ombi ni mstari mmoja: GET, nafasi, jina la ukurasa. Jibu ni HTML tupu, kisha muunganisho unakatwa. Hakuna namba ya kosa, hakuna kichwa cha maelezo kinachotangulia ukurasa, na hakuna mahali pa kusema maandishi yamesimbwa kwa mfumo gani. Seva yangu ina mistari 11. Siku hizi curl, programu ya kuvuta kurasa, inakataa jibu la namna hiyo mpaka uiambie waziwazi --http0.9, lakini kwa nc, programu inayounganisha moja kwa moja na seva, inakwenda vizuri: unaandika GET /reli.htm, unabonyeza Enter, ukurasa unamwagika. Vichwa vya kutaja aina ya maandishi vilikuja na HTTP 1.0, iliyoandikwa kwenye RFC (hati ya kanuni za intaneti) ya Mei 1996. Kabla ya hapo mwenye kusoma alitegemea kubahatisha, na shida yangu yote ya wiki tatu imeanzia kwenye kubahatisha huko. CSS itasubiri.

Asubuhi nimempigia simu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Korosho zinaendeleaje huko mjini?"

Nikamwambia habari za flopi, na kwamba ng' imekubali. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata.

"Ile ng'?" akasema. "Iliyokuwa inatoa visanduku?"

Kumbe NG BADO ilikuwa hiyo. Alikuwa amekwama hapohapo. Kabla ya kuunga menyu kurasa zilisomeka, akishaunga zinaharibika, na hakuwa na wa kumuuliza. Alibadilisha fonti, akabadilisha kivinjari, akasafiri na flopi hiyo kwenda kumwonyesha fundi mmoja akaambiwa kompyuta haijui Kiswahili. Ndipo akaziacha. Nikamweleza muhuri wa EF BB BF uliobandikwa na Notepad ya XP, kwamba kivinjari kikiuona kinasoma ukurasa wote kama UTF-8 na hakisikilizi tangazo jingine. "Basi ilikuwa menyu," akasema, mara mbili. "Ilikuwa menyu."

Akaniomba nimsomee. Nikasoma reli.htm yote: mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, ulivyoachwa 1951, reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea, ilivyofungwa 1962. Nilipofika aya ya pili akanikatiza.

"Hapo pamepungua. Reli haikuanzia Mtwara. Ilianzia Mkwaya, upande wa Lindi, ya Mtwara ikaja baadaye. Ongeza."

Nimeongeza. Flopi namba 9 bado ina sekta tatu ambazo hazijatoka, na ramani ya ddrescue inaonyesha zipo katikati ya mikindan.htm. Kesho naisafisha tena kwa spiriti.