Siku Baba Neema Alipohesabu Maganda

Mume wangu alizaliwa Uvira, mji wa Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, baba Mfuliiru na mama Muha wa Ujiji. Vita vilipoingia mjini kwao Oktoba 1996 alikuwa na miaka tisa. Katika yote aliyonisimulia kuhusu siku zile, lililomkaa zaidi ni milio. Risasi zililia usiku na mchana, hujui nani anapiga wala anampiga nani, watu wamelala sakafuni chini ya madirisha. Baba yake alitoka kwenda kumtazama ndugu yake mtaa wa pili, hakurudi. Mama akawavusha watoto kwa boti ya mizigo mpaka Kibirizi, Kigoma, wakafikia kwa mjomba wao Ujiji.

Mimi ni askari wa uhifadhi. Alipokuja kunichumbia alijua kazi yangu, na kwa miezi ya mwanzo sote tuliamini mapenzi yangetosha. Kituo chetu kilikuwa kando ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, naye akapata nafasi ya kufundisha hisabati na fizikia katika sekondari ya jirani. Sasa, anayeishi pembezoni mwa hifadhi ile anajua kwamba mahindi yakianza kukomaa tembo hawabaki porini. Huingia mashambani usiku, wananchi hupiga madebe na kuwasha moto, na wakishindwa huita askari wa zamu. Askari hufyatua risasi hewani, wakati mwingine mbili tatu mfululizo, mpaka kundi lirudi lilikotoka.

Mlio wa kwanza ukisikika, mume wangu alikuwa ameshashuka kitandani, mtoto kifuani, mgongo ukutani chini ya dirisha. Macho yalikuwa wazi lakini ukimwita haitiki. Hakuwa akiamka kwanza ndipo aogope. Mwili ulitangulia, akili ikafuata baada ya dakika nyingi, jasho limeshalowanisha shati. Mchana nikipita nyumbani kunywa maji na bunduki begani, yeye alitoka kwa mlango wa nyuma. Magwanda yangu niliyavua barazani, kwa sababu harufu ya mafuta ya kusafishia silaha ilimfanya ashindwe kula. Na bunduki zetu zilikuwa za aina ileile aliyoiona utotoni, ya magazini iliyopinda. Angeisahau vipi?

Ushauri haukukosekana. Mmoja alisema mwanaume haogopi bunduki. Mwingine, mwenzangu kabisa kazini, alitaka niiweke mezani sebuleni aitazame mpaka aizoee. Nilikataa. Silaha ya serikali haichezewi wala haishikwi na raia, na hata ingekuwa mali yangu halali nisingemfanyia hivyo. Mtu aliyeumizwa na kitu haumlazimishi kukikumbatia ili wewe upate usingizi. Hilo naliamini mpaka leo, na naliandika kwa ajili ya wake na waume wanaoishi na watu waliotoka vitani.

Nilimwambia naweza kuomba uhamisho wa ofisini. Miaka ile majangili walikuwa wanamaliza tembo. Sensa ya 2009 ilihesabu tembo 109,051 nchi nzima, ile ya 2014 ikakuta 43,330. Doria zilikuwa hazikatiki na kila askari alihitajika. Baba Neema aliliona hilo kuliko mimi. Akaniambia, "Mama Neema, usiache pori kwa ajili yangu. Nitafutie njia nyingine."

Njia ilitoka kwa mkufunzi wetu wa shabaha, afande wa makamo, mtu wa maneno machache. Mazoezi ya shabaha yalikuwa yanakaribia, nikamweleza hali ya nyumbani bila kuficha. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Akijua mlio unakuja saa ngapi, anapata shida ileile?" Nikamjibu sijawahi kuliona hilo, kwa sababu mlio haujawahi kumpa taarifa. Akasema, "Basi aje. Akae mbali anakotaka mwenyewe, na aondoke anapotaka mwenyewe."

Asubuhi ile mume wangu alivaa shati lake la kufundishia. Alichagua mkwaju uliokuwa juu ya kamwinuko, kando ya barabara, nyuma yetu kabisa, nami nikamwachia darubini. Bendera nyekundu ilipopandishwa nilimtumia ujumbe: tunaanza. Kisha nikalala kwenye turubai na wenzangu, na sikumwona tena mpaka mzunguko wetu ulipoisha.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba alikuwa ameigeuza siku ile kuwa somo la fizikia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na yeye alikadiria yuko kama mita 700 kutoka kwetu. Kwenye darubini aliona vumbi likiruka kwenye tuta la shabaha kwanza, halafu mlio ukamfikia baada ya sekunde mbili hivi. Sekunde mbili! Mtu ambaye maisha yake yote mlio ulimvamia, sasa alikuwa na muda wa kuvuta pumzi kabla haujafika. Risasi za mwanzo alizisikiliza ameshika gome la mti kwa mkono wa kushoto. Mpishi wetu, aliyekuwa akichemsha chai karibu naye, aliniambia kwamba katikati ya zoezi mwalimu alianza kuhesabu kwa sauti, "moja, mbili," na mlio ukija anatikisa kichwa kama anayesahihisha jibu la mwanafunzi.

Wakati mmoja alishuka barabarani akaenda zake. Nilimwona mgongo wake tukiwa tunabadilishana zamu, moyo ukaniuma, lakini ndiyo makubaliano. Akarudi peke yake. Hakuna aliyemwita.

Silaha zilipokaguliwa na kuthibitishwa hazina kitu, bendera ikashushwa, na afande akamwita kwa mkono. "Mwalimu, njoo utusaidie hesabu."

Watu wengi hawajui kwamba kwetu risasi haitoki ghalani bila kuandikwa. Daftari lina zilizotolewa, zilizopigwa, zilizobaki, na maganda ya risasi yaliyorudi, na mhusika anaweka sahihi. Siku ile zilikuwa zimetoka 120 na zote zimepigwa. Maganda yalimwagwa kwenye sufuria pana ya jikoni, mume wangu akachuchumaa na kuanza kuyapanga kumikumi juu ya turubai. Nilimtazama vidole. Ganda la kwanza aliligusa kwa ncha ya kidole akakiondoa haraka, maana lilikuwa bado lina joto la jua. Akalichukua tena, akalitazama ndani, jeusi kwa moshi, mdomo mwembamba, akaliweka kwenye mstari. Akaenda hivyohivyo mpaka mwisho, akarudia, kisha akainua uso.

"Yako 119."

Hapo ndipo nilipoona sura yake inabadilika. Afande hakusema neno ila "tafuteni," na askari wote, wanaume kwa wanawake, wakapiga magoti kwenye nyasi. Tulipekua nyasi kwa vidole, tukakung'uta turubai, tukageuza mifuko. Jua lilikuwa kali. Mume wangu alisimama akitutazama, halafu akamuuliza afande, "Na lisipoonekana?"

"Haondoki mtu hapa. Na mimi ndiye nitakayeandika maelezo."

Akakaa kimya kidogo, kisha naye akapiga magoti pembeni yangu akaanza kutafuta. Lilikuwa limejificha kwenye kikunjo cha turubai, mahali ambapo kila mmoja alikuwa ameshapapasa. Alilipata dereva wetu. Baba Neema akalipokea, akalipanga kwenye nafasi yake, na afande akaandika 120 huku yeye akimtazama kalamu.

Usiku tulikaa barazani baada ya Neema kulala. Alizungumza kwa muda mrefu kuhusu Uvira, mitaa, majina ya majirani, duka la mkate, mambo ambayo hakuwahi kuniambia. Akasema, "Baba yangu sijui alipigwa masasi ngapi. Sijui hata kama alipigwa. Leo nimeona watu wazima wanatambaa kwa ajili ya ganda moja." Nilimshika mkono. Sikuwa na la kumjibu, na nadhani hakutaka jibu.

Hofu haikwisha siku ile. Msimu wa mahindi uliofuata aliendelea kushtuka, lakini alibaki kitandani, na swali lake la kwanza likawa, "Nani yuko zamu?" Nikimtajia jina, anauliza wametoka na ngapi. Mara nyingine asubuhi alinituma nikaangalie kama zimerudi sawa, nami nilikwenda kweli kumuulizia mtunza ghala, nikarudi na jibu. Bunduki bado haipendi na hatuna mpango wa kuifanya aipende. Magwanda nayavulia ndani siku hizi, kwa ruhusa yake. Ila fataki za mwaka mpya zimemshinda, kwa kuwa haziandikwi popote na hazina saa, kwa hiyo Desemba ikiisha tunakwenda kulala kijijini kwa shangazi yangu, mbali na mji, na tumeridhika hivyo.